Upawa wa Mchezeshaji

Haya, wenye sahani!

— Tupo!

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Maharage yasiyoiva!

Nani kayaweka jikoni?

— Wewe mpishi!

Nani atayangoja?

— Sisi, tutafanyaje!

Basi acheni kugonga hizo sahani, mnanipasua kichwa. Mvua imeharibu kiwanja, mechi yenu imeahirishwa, na maharage haya ni ya mwaka jana, yana ukaidi wake. Hata mkinuna hayaivi mapema. Sogeeni hapa karibu na moto niwape cha Nguchiro na Nyani. Mpira ukidundwa nitasema du, nanyi mseme du. Tumeelewana?

— Du!

Bado, jamani! Mpira wenyewe haujatoka stoo.

Zamani hizo shule zilikuwa za wanyama, watu bado hawajui hata kujaza mpira upepo. Kulikuwa na shule moja ya bweni, Sekondari ya Kichuguuni. Ilikuwa na kiwanja cha mpira wa kikapu, cha udongo ulioshindiliwa, na ilikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwingine kokote. Anayegawa mpira kiwanjani ndiye anayegawa chakula bwaloni.

Mnamjua ninayemsema. Mchezeshaji. Si yule mrefu anayesimama chini ya goli akingoja kuletewa. Ni yule anayeutoa mpira nyuma, du, du, du, anaangalia, anaamua: huyu apewe, yule asubiri. Kila mwaka, kabla ya mashindano ya kanda, walimu walimchagua mmoja, wakamvisha jezi namba nne, na jioni ileile wakamkabidhi upawa wa bwalo. Mwaka mzima yeye ndiye anayepakua. Walioianzisha desturi ile waliamini kwamba mkono uliozoea kutoa pasi hautaona uzito kutoa maharage.

Sasa, mwaka ninaousema, mchezeshaji alikuwa Swala, na Swala alimaliza kidato cha nne akaenda zake. Upawa ukabaki hauna mwenyewe. Walimu wakasema, kwa wiki hizi mbili mpaka siku ya kuchagua, ashike Kaka Mkuu. Na Kaka Mkuu alikuwa nani?

Nyani.

Nyani dume, mabega mapana, mikono mirefu hadi magotini, na mashavu yenye mifuko kwa ndani. Hayo mashavu myaweke akilini, tutayarudia. Nyani akashika upawa, na bwalo likabadilika siku hiyohiyo.

Akija Nyati na sahani yake, upawa unazama mpaka chini, maharage pu! Akija Ngiri, unazama nusu, pu! Akija Digidigi, unapita juu juu, mchuzi chwii. Akija Pimbi, chwii. Akija Nguchiro, chwii, na maneno juu yake: "Na usinitazame hivyo."

Wakiisha wote, Nyani anafunga mlango wa jiko na kujipakulia. Walio nje wanasikia tu: nyam, nyam, nyam. Kilichomshinda tumboni alikihifadhi mashavuni, akakitafune baadaye nyuma ya stoo peke yake.

Wiki mbili za mchuzi, wanangu. Ninyi mkikosa chumvi siku moja mnaandika barua kwa mkuu wa shule.

Nguchiro alikuwa kidato cha pili. Mdogo, mwembamba, na hatulii. Akikaa anasimama, akisimama anazunguka, akizunguka anajikuna sikio. Darasani kutwa nzima ni "Tulia, Nguchiro!" na yeye anajibu "Natulia, mwalimu," huku mguu unacheza chini ya dawati, tiki tiki tiki. Walimu walipochoka wakampa ukiranja wa kengele, ili kama ni kukimbia basi akimbie kwa faida ya shule. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mgunga mbele ya ofisi ya walimu. Aliipenda ile kazi. Kuigonga tu ndiko kulikomfanya ajisikie mtu.

Na mpira aliuweza. Alipita na mpira chini ya tumbo la Nyati kabla Nyati hajaangalia chini. Ila alikuwa na kasoro moja aliyozaliwa nayo. Kwao nguchiro, yai halipasuliwi kwa meno. Unaligeuzia jiwe mgongo, unalishika yai kwa mikono miwili, unalivurumisha kinyumenyume katikati ya miguu yako, paaa! Limepasuka, unakula. Basi siku moja mazoezini Nguchiro akajisahau, akatoa pasi kwa mtindo huo, na mpira ukang'oa dirisha la maabara. Mwalimu Kobe, kocha na refa wa shule, akapuliza filimbi.

"Nguchiro," akasema Mwalimu Kobe taratibu kama kawaida yake, "mpira… si… yai."

Wiki nzima akafyeka nyasi. Pasi ya yai ikapigwa marufuku Kichuguuni.

Sasa Jumatatu, mstarini, katikati ya wimbo wa shule, Pimbi akaanguka. Bu! Pimbi huyu alikuwa rafiki wa Nguchiro, mwenzake wa dawati moja, mpole, mwenye akili za hesabu. Wakamwagia maji, akaamka, akasema hajambo. Lakini mchana Nguchiro alipoingia bwenini alimkuta anafunga tranka lake kwa kamba.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu, majabalini."

"Na mtihani?"

"Mtihani nitaufanya na tumbo gani? Ijumaa wanachagua mchezeshaji. Akichaguliwa Nyani, Jumamosi asubuhi mimi sipo hapa. Mwaka mzima wa mchuzi siuwezi, Nguchiro. Siuwezi kabisa."

"Hawatamchagua."

"Watamchagua nani? Wewe?"

Pimbi hakusema kwa dharau. Alikuwa amechoka tu, na ndiyo maana iliuma.  Alizunguka kitanda mara tatu, akatoka, akarudi, akatoka tena. Usiku ule usingizi haukumkaribia. Ijumaa ilikuwa imebakiza siku nne tu.

Asubuhi ya Jumanne akaona bora awaulize waamuzi wenyewe. Waamuzi walikuwa walimu watatu. Akaanza na Mwalimu Twiga wa Jiografia, aliyekuwa anasahihisha madaftari juu ya paa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Tulia, Nguchiro."

"Natulia, mwalimu. Eti mchezeshaji bora ni yupi?"

"Macho," akasema Twiga. "Mchezeshaji bora ni macho. Anauona uwanja wote kabla wengine hawajaona hatua moja."

Nguchiro akajitazama. Macho yake yalikuwa usawa wa majani. Ya Nyani yalikuwa juu ya mabega yale. Akashukuru, akaondoka, tiki tiki tiki.

Akamfuata Mwalimu Kobe, aliyekuwa njiani kutoka darasani kwenda ofisini tangu Jumatatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba… Tulia, Nguchiro."

"Natulia, mwalimu. Eti mchezeshaji bora ni yupi?"

"Mchezeshaji bora…" akasema Kobe, akavuta pumzi. Nguchiro akamzunguka mara mbili akingoja. "…ni mikono. Hapotezi mpira. Basi. Na ile pasi yako… nisiione."

Nguchiro akatazama mikono yake. Miwili kwa pamoja haikufika nusu ya mpira. Wa Nyani mmoja uliufunika wote. Akashukuru, tiki tiki tiki.

Akamfuata Mwalimu Kasuku wa Kiswahili, dirishani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba! Marahaba! Tulia, Nguchiro! Tulia!"

"Natulia, mwalimu. Eti mchezeshaji bora ni yupi?"

"Mdomo! Mdomo! Aite wenzake! Uwanja mzima umsikie! Umsikie!"

Hapo Nguchiro akaishiwa nguvu. Macho, Nyani. Mikono, Nyani. Na mdomo? Nyani akisema "Wahu!" mabati ya bweni yanatetemeka, na Nguchiro akipayuka sana sauti yake ni ya mlango unaotaka mafuta. Alitembea bila kujua anakwenda wapi, hasira imemjaa kifuani, anapiga teke kila kijiwe, mpaka akajikuta nyuma ya stoo.

Na nyuma ya stoo alikuwa Nyani, mgongo ukutani, mashavu yote mawili yamefura.

"Habari za mchana, Kaka Mkuu," Nguchiro akasema.

"Mmm," akajibu Nyani.

"Umesemaje, Kaka Mkuu?"

"Mmm! Mmm!" Nyani akanyoosha kidole: ondoka hapa.

Nguchiro hakuondoka. Alisimama. Hakuzunguka, hakujikuna, mguu haukucheza. Walimu wote wa Kichuguuni walikuwa wameshindwa kumtuliza, na maharage ya wizi yaliyojaa shavuni yakamtuliza kwa neno moja tu.

"Ahsante, Kaka Mkuu," akasema, akatimka mbio.

Sasa sikilizeni, maana Ijumaa imefika. Ijumaa ya kuchagua, mpishi wa Kichuguuni, Mama Kanga, hukaanga karanga za chumvi ungo mzima. Ni za wachezaji na watazamaji wakati wa mapumziko, na mwenye upawa ndiye anayezigawa. Mechi ilikuwa saa kumi: timu moja ya Nyani, timu nyingine ya Nguchiro, aliyejiandikisha kushindana naye, na walimu watatu pembeni na daftari lao. Na sheria ya Kichuguuni ilijulikana na wote. Kengele ya mechi ikilia mara tatu, asiyekuwa kiwanjani hachezi.

Saa tisa na nusu Nguchiro akamfuata Nyani, ameinamisha kichwa.

"Kaka Mkuu, nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini, wewe?"

"Ya karanga."

Masikio ya Nyani yakasimama. "Karanga zimefanya nini?"

"Kumbe hujaambiwa? Basi nisingesema mimi. Mwalimu Twiga atasimama penye ungo wakati wa mapumziko. Kila mmoja konzi moja, mkubwa kwa mdogo. Hata wewe."

"Konzi moja? Mimi?"

"Na konzi ya kupimia ni ya Pimbi."

Nyani akatazama mkono wake mkubwa. Akaufikiria mkono wa Pimbi. Nguchiro aliiona ile hesabu inavyopita usoni kwake.

"Na huo ungo uko wapi sasa hivi?"

"Stoo. Mlango umeegeshwa tu. Lakini tuvumilie, Kaka Mkuu, nusu saa si nyingi. Niache nikafunge kamba za viatu."

Nguchiro hana viatu. Nyani hakukumbuka.

Tiki tiki tiki, Nguchiro akazunguka nyuma ya stoo, akaweka jicho kwenye ufa wa ubao. Nyani akaingia, akatazama kushoto, akatazama kulia. Akachota konzi, ya kwake, akatafuta mfuko. Bukta ya michezo haina mfuko! Akafikiri kidogo. Shavu la kushoto, konzi moja. Shavu la kushoto, konzi ya pili. Shavu la kulia, konzi moja. Shavu la kulia, konzi ya pili. Akasita, akatazama kilichobaki, akaona kidogo hicho kinatia huruma, akaongeza. Ungo ukabaki mtupu kabisa. Nyani akakaa juu ya gunia, akaanza kutafuna polepole, maana alikuwa na dakika ishirini nzima.

Nguchiro akachomoka. Hajawahi kukimbia vile. Akairukia ile ringi kwa chuma.

Ngaa!

Mwalimu Twiga akainua shingo, akatazama jua.

Ngaa!

Wanafunzi wakamwagika kutoka mabwenini, jezi mkononi. Nyani akatoka stoo, macho yamemtoka. Ateme? Chini patajaa karanga na kila mtu ataona. Ameze? Hazijatafunwa, zitamnyonga. Akasimama mlangoni, anayumba, kushoto, kulia.

Ngaa!

Akakimbilia kiwanjani. Akafika pumzi zinatokea puani.

"Nyani! Nyani!" akasema Mwalimu Kasuku. "Uso umevimba! Umevimba!"

"Mmm," Nyani akagusa shavu.

"Jino?"

"Mmm."

"Pole! Pole!"

Priii! Mpira huo, wanangu. Du!

— Du!

Du, du!

— Du, du!

Nyani akauchukua. Akaupeleka mbele, du, du, du. Ngiri yuko peke yake chini ya goli, anapunga mikono. "Kaka Mkuu, nije? Nibaki?" "Mmm." "Nije?" "Mmm!" Ngiri akaja, Nyati naye akaja, wakagongana vichwa katikati. Nyani hakuwangoja. Akaruka mwenyewe, akaweka mwenyewe. Chwaa!

Nguchiro akauchukua. "Pimbi, kushoto! Digidigi, kata ndani! Panya Buku, ngoja, ngoja, sasa!" Kile kisauti chake kikakwaruza uwanja mzima. Pasi, pasi, pasi. Chwaa!

Nyani, du, du, "Mmm!" Chwaa! Nguchiro, "Digidigi, rudi! Pimbi, nenda!" Chwaa! Wakaenda hivyo mpaka mapumziko. Mama Kanga akauleta ungo, akaushangaa utupu wake, akaanza kulia kwamba kuna mwizi. Nyani akajishika shavu na kutazama mlimani.

Lakini niwaambie ukweli, na Nguchiro aliujua. Mambo hayakuwa mazuri. Nyani asiyesema bado alikuwa Nyani. Alikuwa mbele kwa pointi nne, na tangu filimbi ya kwanza hakunyang'anywa mpira hata mara moja. Mwalimu Twiga alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwalimu Kobe alikuwa ameanza kukitikisa chake tangu dakika ya tatu na sasa kilikuwa kinamalizikia chini. Wawili kati ya watatu. Nguchiro aliogopa. Alimtazama Pimbi anavyorudi kukaba, magoti yanagongana, anataka kuanguka na hataki waone. Akalikumbuka lile tranka chini ya kitanda, kamba imekazwa mafundo mawili. Nyani akamtazama Nguchiro. Kucheka hakuweza, lakini macho yake yalicheka.

Dakika ya mwisho. Mpira uko kwa Nguchiro. Du.

— Du.

Mbele yake Nyani, mikono imefunguka huku na huku, kila njia imefungwa. Pimbi amekabwa. Digidigi amekabwa. Panya Buku amelala chini. Nguchiro akaenda kushoto, mkono. Akaenda kulia, mkono. Akatazama katikati. Katikati palikuwa na tumbo.

Akageuka. Akampa Nyani mgongo.

Mwalimu Kobe akaona. "Nguchiro…" akaanza, "mpira…"

Nguchiro akaushika mpira kwa mikono miwili, akainama, akauvurumisha kinyumenyume katikati ya miguu yake kwa nguvu zote za wiki mbili za mchuzi.

Paaa!

Nyani angeweza kukwepa. Hatua moja tu pembeni. Lakini tangu azaliwe, kitu hakijawahi kumpita mbele bila yeye kukishika. Akaukumbatia mpira kwa mikono yote miwili, ukamzamia tumboni, na upepo wote uliokuwa ndani ukatafuta pa kutokea.

Fuuuuu!

Karanga! Zikaruka juu, zikashuka, zikamnyeshea Nyati, zikamnyeshea Ngiri, zikaingia masikioni mwa watazamaji wa safu ya nyuma, zikatua katikati ya daftari la Mwalimu Kasuku. Zikabiringika kila pembe ya kiwanja.  Halafu shule nzima ikawa chini kwa magoti, ikiokota.

"…si… yai," akamalizia Mwalimu Kobe.

"Jino! Jino!" akapiga kelele Mwalimu Kasuku. "Jino limezaa! Limezaa!"

"Mwalimu," Nyani akasema, mdomo sasa mtupu, "ilikuwa dawa ya jino."

Mwalimu Kobe akaokota moja, akaionja. "Ina chumvi," akasema.

Filimbi ya mwisho ikalia, walimu wakasimama katikati. Nyani alikuwa ameshinda kwa pointi zilezile nne. Mwalimu Twiga akasema yeye hajabadili msimamo, mchezeshaji bora ni macho, na Nyani ana macho. Mwalimu Kasuku akasema yeye hakusikia mdomo wa Nyani hata mara moja, kasikia wa Nguchiro tu, Nguchiro tu. Kura moja kila upande. Akabaki Mwalimu Kobe, na Mwalimu Kobe alikuwa bado anatembea kufika katikati.

Jamani, kungoja kule! Aliyekuwa na karanga alisahau kutafuna. Nguchiro alijikuna, akazunguka, akajikuna.

"Nyani," akasema Kobe alipofika, "hakupoteza mpira hata mara moja. Hata sasa anao."

Kweli. Nyani alikuwa bado ameukumbatia.

"Nguchiro… ameupoteza. Kampa mpinzani. Kwa pasi niliyoikataza."

Nguchiro akaacha kujikuna.  Akamtazama Pimbi, akatazama chini. "Natulia, mwalimu," akasema, na hakuna aliyemwambia atulie.

"Lakini," akasema Kobe.

Ile "lakini" ikakaa hewani muda mrefu mno.

"Nimefundisha mpira huu miaka sitini. Pasi zote nilizoziona zilimfikia mtu mmoja. Digidigi, umekula?"

"Nimekula, mwalimu!"

"Panya Buku, umekula?"

"Nimekula, mwalimu!"

"Pimbi. Umekula?"

Wote wakageuka. Pimbi amesimama chini ya goli, mashavu yamejaa, machozi yanamtoka. "Mmm," akasema.

"Basi hii imemfikia kila mtu," akasema Mwalimu Kobe. "Mpeni jezi namba nne."

Jioni ile Nguchiro alipanda juu ya ndoo ili afikie sufuria. Jezi ilimfika kwenye vidole vya miguu. Akashika upawa. Akaja Digidigi, pu! Akaja Nyati, pu! Akaja Ngiri, pu! Akaja Pimbi, ambaye kamba ya tranka lake sasa alikuwa amejifunga kiunoni kama mkanda, pu! Upawa haukupita juu juu hata mara moja.

Wa mwisho mstarini alikuwa Nyani.  Nyani akanyoosha sahani, macho chini. Nguchiro akaikumbuka kila chwii. Aliikumbuka yote, moja moja. Mkono ukasita juu ya sufuria.

Kisha upawa ukazama mpaka chini. Pu!

Nyani akainua uso.

"Na usinitazame hivyo," akasema Nguchiro.

Wakala wote wakashiba. Sufuria ikaisha, na mgawaji hakujipakulia hata punje. Wadogo wakasema, mwoneni Nguchiro, katulisha wote, yeye analala na njaa. Wengine walitaka kulia. Nguchiro akawaaga kwa upole, akasema anabaki kuosha vyombo, akafunga mlango wa jiko.

Pimbi, kwa huruma, akarudi na kipande cha ugali alichombakizia rafiki yake. Akafika mlangoni. Akasikia ndani: krau, krau, krau.

Akaweka sikio. Krau, krau. Mnajua ni nini kinacholia hivyo. Ni ukoko wa ugali ukibanduliwa chini ya sufuria, ule mkavu, wenye harufu ya moshi. Hakuna aliyewahi kuuliza ukoko hugawiwa nani.

"Nguchiro," akaita Pimbi. "Unakula nini?"

Krau ikakoma.

"Mmm," akajibu Nguchiro.

Haya. Hadithi imeiva, naiteremsha jikoni. Aliyeiona tamu aje na sahani, aliyeiona chapwa aende akatafute chumvi.

Na funzo lake, wanangu, shikeni sana: kengele igongwe kwa wakati wake, msidanganye kaka wakuu, na mtu asizungumze akiwa na chakula mdomoni. Ni hayo tu, hakuna jingine ndani yake.

Pangeni mstari, maharage tayari. Mdogo mbele. Wewe jezi namba nne, njoo ushike upawa, na uzamishe, ninakuona. Mimi? Mimi sili, nimeshiba moshi. Nitabaki hapa na masufuria yangu. Mlango urudishieni mkitoka.

— Mpishi, na ukoko wa leo ni wa nani?

Mmm.